Mti Mmoja kwa Ajili ya Viatu vya Mtoto

Je, mama mwenzetu, umewahi kumlisha uji kwa kijiko mume ambaye mwezi uliopita alikuwa akibeba mbao begani? Sisi tumewahi. Ilikuwa mwaka 2012. Baba watoto ni fundi seremala, na karakana yake iko nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni. Aliharisha siku tatu, akapona, tukasahau. Baada ya wiki mbili akaanza kulalamika kwamba nyayo zake zina ganzi. Siku ya kwanza alijikwaa kizingitini, watoto wakacheka, naye akacheka. Siku ya tatu hakuweza kuinuka kitini. Siku ya tano kikombe cha chai kilimponyoka, akakitazama pale sakafuni kama mtu anayetazama mali ya mwingine.

Sisi tulisomea uuguzi na tuna stashahada yetu ukutani. Hata hivyo, hatukuutambua ugonjwa ule mpaka daktari alipoutaja: Guillain-Barré. Jina hilo ni la madaktari wa Kifaransa walioueleza mwaka 1916. Mara nyingi huanza baada ya maambukizo ya kawaida, kama ya kuhara au ya kifua. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, humkosea adui na kuishambulia mishipa ya fahamu. Udhaifu huanzia miguuni ukapanda. Ukifika kifuani, mgonjwa huhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Lakini akili hubaki nzima, na mgonjwa husikia kila neno linalosemwa kando ya kitanda chake. Wengi hupata nafuu, ila nafuu hiyo huja kwa mwendo wa kinyonga: miezi, na kwa wengine miaka.

Bwana alituhurumia, mashine haikuhitajika. Baada ya wiki saba tulirudi naye nyumbani, miguu imekonda kama ya mtoto. Tukamgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Tukamnyoosha vidole kimoja kimoja, asubuhi na jioni. Usiku tulikwenda zamu kazini. Na ada ya shule ilikuwa inasubiri. Ndipo tukaanza kupiga hesabu ambayo hatukuthubutu kumwambia mwenyewe: karakana ina vifaa, na vifaa vina bei. Mnunuzi alikwisha kupatikana.

Siku hizo kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa kikitembelea wagonjwa mtaani pamoja na sista mmoja mzee kutoka Italia, muuguzi kama sisi. Alipomwona baba watoto na kusikia jina la ugonjwa, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, kwetu Bergamo yuko mtu aliyepigwa na ugonjwa huu huu. Alirudi kazini." Tukauliza ni nani, daktari au padri? "Mtengeneza sinema," akajibu. Tulidhani anatutania.

Mtoto wa nyumba ya wafanyakazi

Mtu huyo aliitwa Ermanno Olmi. Alizaliwa tarehe 24 Julai 1931 katika mkoa wa Bergamo, kaskazini mwa Italia. Wazee wa upande wa mama yake walikuwa wakulima, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikulia Bovisa, mtaa wa viwanda mjini Milan. Baba yake alifariki wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mama akabaki na mzigo. Mama huyo alikuwa ameajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison, na kijana Ermanno naye akapata kazi hapo hapo.

Tunaomba akina mama mlioachwa na watoto mlitazame jambo hili. Hapakuwa na fedha za kumfanya kijana awe msanii. Alikuwa akijifunza mambo ya maigizo huku akifanya kazi ya mshahara. Kampuni ikamkabidhi shughuli za burudani za wafanyakazi, kisha ikamtuma apige picha za kazi zake: mabwawa, nguzo za umeme, mafundi milimani. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1961 alitengeneza makumi ya filamu fupi za namna hiyo. Alitumwa kuonyesha mitambo, lakini jicho lake lilizoea kuwatafuta watu: mikono yao, chakula chao, namna wanavyongojana wakati wa baridi. Filamu yake ndefu ya kwanza, ya mwaka 1959, inahusu mlinzi mzee na kijana mwanafunzi waliobaki wawili tu kulinda bwawa juu ya mlima wakati wa theluji. Hakuna risasi wala wizi ndani yake. Ni watu wawili wanaojifunza kukaa chumba kimoja. Yeyote aliyeolewa anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Kazi, barua na binti wa Milan

Mwaka 1961 alitoa Il posto, maana yake "nafasi ya kazi". Kijana kutoka mji mdogo anakwenda Milan kufanya mtihani wa kuajiriwa katika kampuni kubwa. Siku ya mtihani anakutana na msichana mchangamfu, wanakunywa kahawa pamoja, na moyo wa kijana unaanza kudunda. Kazi anaipata, lakini wanapangwa idara mbalimbali na ni nadra waonane. Mwishowe anapewa meza ya karani kwa sababu karani mmoja amekufa. Sinema inaishia kwenye uso wa kijana huyo akiwa mezani, huku mashine ya kuchapia nakala ikigonga bila kuchoka. Wazazi wake nyumbani wanaamini kwamba ametengenezewa maisha. Sisi tulioajiriwa tunaujua uso ule.

Msichana katika sinema hiyo aliigizwa na Loredana Detto. Baadaye yeye na Olmi walioana, wakajaliwa watoto watatu, na ndoa yao ikadumu mpaka kifo cha mume, zaidi ya nusu karne.

Kisha mwaka 1963 ikaja I fidanzati, "wachumba". Fundi wa kuchomelea vyuma anahamishiwa kisiwa cha Sicily, mbali sana na Milan, kwa sababu huko kuna kiwanda kipya na mshahara bora. Mchumba wake anabaki. Walikuwa wamekwisha chokana, na safari inaonekana kama njia ya heshima ya kuachana. Lakini wanaanza kuandikiana barua, na katika barua wanaambiana yale waliyoshindwa kuambiana uso kwa uso. Ni akina mama wangapi miongoni mwetu ambao waume zao wako migodini, bandarini au ng'ambo? Olmi hasemi kwamba umbali ni mzuri. Anaonyesha tu kwamba mtu anayeandika kwa moyo anaweza kumrudia mwenzake kabla ya kupanda gari la moshi.

Mfano wa viatu vya mbao

Sista alikuja na kompyuta yake ndogo na diski moja. Sinema hiyo, L'albero degli zoccoli, yaani "mti wa viatu vya mbao", inachukua saa tatu, nasi tuliitazama kwa jioni tatu, baba watoto akiwa ameegemezwa kwa mito. Waigizaji ni wakulima wa Bergamo wenyewe, na wanasema lahaja yao, ambayo hata Waitalia wengi hawaielewi. Sista alitutafsiria, na mara kwa mara alinyamaza kwa sababu alikuwa amemsikia mama yake mzazi katika sauti za wanawake wale.

Olmi aliitunga kutokana na hadithi za bibi yake. Aliandika mwenyewe, akaongoza, akapiga picha na kuunganisha vipande kwa mkono wake. Mwaka 1978 ilipata Palme d'Or, tuzo kubwa kuliko zote katika tamasha la Cannes, Ufaransa.

Hadithi ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Familia nne zinaishi katika nyumba moja kubwa ya shambani. Nyumba, zizi, ardhi na miti ni mali ya bwana shamba, na theluthi mbili za mavuno ni zake. Katika familia moja, padri anamshauri baba amwandikishe mtoto wake shule kwa kuwa ana akili. Baba anasitasita. Mama ana mimba, na mikono ya mtoto ingesaidia nyumbani. Hata hivyo anakubali. Kila siku mtoto anatembea kilomita nyingi akiwa amevaa viatu vya mbao, ndugu wa mitalawanda ya pwani. Siku ambayo mama anajifungua, mtoto anarudi na kiatu kimepasuka.

Baba hana fedha ya kiatu. Anatoka gizani na shoka, anakata mti mmoja kando ya mfereji. Kisha anakaa ndani na kuchonga, huku familia ikisali na mama akiwa kitandani na mtoto mchanga. Kamera haina haraka. Unaona gogo likiwa kiatu.

Tulimtazama baba watoto. Macho yake yalikuwa kwenye ile mikono inayochonga, na machozi yalikuwa yakimshuka wala hakuweza kuyafuta. Tukayafuta sisi. Akasema kwa sauti iliyokuwa bado nzito, "Mama watoto, anakishika kisu vibaya." Kisha akaongeza, "Patasi zangu usiziuze."

Hatukuwa tumemwambia neno. Lakini tulikwisha sema hapo juu kwamba mgonjwa wa namna hii husikia kila kitu. Alikuwa amemsikia mnunuzi uani.

Mjane na ng'ombe

Kabla ya kufika mwisho wa hadithi, tunataka mumjue mjane wa familia nyingine katika nyumba ile. Mume amekufa na kumwachia watoto sita. Anafua nguo za watu mtoni kwenye maji ya baridi. Padri anamletea wazo la huruma: watoto wawili wadogo wachukuliwe na taasisi ya watawa, mzigo upungue. Mama anamwuliza mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 15 anayefanya kazi kinuni. Kijana anajibu kwamba yuko tayari kufanya kazi usiku na mchana, mradi wadogo zake wabaki nyumbani.

Halafu ng'ombe wao anaugua. Daktari wa mifugo anasema achinjwe kabla hajafa. Mjane anachukua chupa, anapita kanisani, anateka maji ya kijito, anasali njia nzima na kumnywesha ng'ombe. Ng'ombe anasimama. Sisi wa hospitali tulitazamana na sista. Olmi haelezi lolote, hamdhihaki mjane wala hatangazi muujiza. Anatuonyesha mwanamke ambaye hakubaki na kitu kingine cha kufanya, akafanya kile kilichobaki.

Sasa mwisho. Bwana shamba anagundua mti uliokatwa, naye aliyeukata anajulikana. Familia ya yule mtoto inafukuzwa. Vitu vyao vichache vinapakiwa kwenye mkokoteni. Majirani wamejificha nyuma ya madirisha, wanasali, hakuna anayethubutu kutoka mpaka mkokoteni umeondoka. Kisha wanatoka uani na kutazama taa ndogo ikitokomea gizani.

Jioni ile tulikasirika. Tulimwambia sista kwamba tulitaka majirani watoke na kusema neno. Akajibu kwamba nao walikuwa na watoto wa kulisha, na nyumba zao zilikuwa za bwana yule yule. Tumelifikiri jibu hilo mara nyingi tangu hapo. Olmi aliwapenda maskini, lakini hakuwapamba. Alionyesha upendo wa baba na bei yake: kiatu kimoja, na nyumba nzima.

Pigo, na kurudi

Mwaka 1983 Olmi alitoa sinema juu ya safari ya Mamajusi. Baada ya hapo ndipo ugonjwa ulipomkamata, akiwa na umri wa miaka 50 na kidogo. Mtu aliyezoea kuibeba kamera mwenyewe alipooza. Hatutajifanya kwamba tulikuwepo kando ya kitanda chake. Lakini tunajua ugonjwa huo unavyoingia katika nyumba: mke anavyojifunza kuinua mwili mzito bila kuumiza mgongo wake, watoto wanavyonyamaza wakipita mlangoni, na marafiki wanavyopungua baada ya mwezi wa pili. Wakati huo Loredana alikuwa amekaa naye katika ndoa miaka ipatayo 20, na makao yao yalikuwa Asiago, mji mdogo wa milimani.

Miaka ikapita. Mwaka 1987 akatoa sinema mpya, ikapata Simba wa Fedha katika tamasha la Venice. Mwaka uliofuata akatoa nyingine, juu ya mlevi asiye na makazi mjini Paris. Mgeni anampa mlevi huyo faranga 200 na kumwomba jambo moja tu: siku atakapoweza, azirudishe kanisani kwa Mtakatifu Teresa. Kila anapokaribia kulipa, jambo linamzuia, pombe au rafiki wa zamani, na kila mara anasaidiwa tena. Hiyo ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu ya Venice. Kwa hiyo mtu aliyepooza aliinuka, na jambo alilochagua kulisimulia lilikuwa la mtu mwenye deni la neema ambalo hawezi kulimaliza. Sisi hatushangai.

Hakuacha kazi mpaka uzeeni. Mwaka 2011, akiwa na miaka 80, alitoa Il villaggio di cartone, "kijiji cha maboksi". Padri mzee anatazama kanisa lake likiondolewa sanamu na misalaba kwa sababu halitatumika tena. Usiku wanaingia wahamiaji kutoka Afrika, wamechoka na wanaogopa polisi, na kwa mabenchi na maboksi wanajenga makazi ndani ya kanisa tupu. Padri anaona kwamba sasa ndipo kanisa lake limejaa. Wengi wetu tuna kijana wa ukoo aliyepita njia hizo za jangwa na bahari, kwa hiyo sinema hiyo inatuhusu.

Olmi alifariki Asiago mwezi Mei 2018, akiwa na miaka 86. Sista alikwisha rudi kwao kwa uzee, akatuletea habari hiyo kwa simu.

Tulichobaki nacho

Mpendwa msomaji, utataka kujua habari za patasi. Tuliuza mashine ya kuranda, ile ya umeme, ambayo ilikuwa na bei nzuri. Patasi, randa ya mkono na misumeno miwili tukabaki navyo. Fedha haikutosha. Binti yetu wa pili alikaa nyumbani muhula mmoja, na hilo bado linatuuma, kwa sababu hata yeye alikuwa na njia yake ya kwenda shule, na hatukumchongea kiatu. Alirudi shule muhula uliofuata. Hajawahi kutulaumu, lakini kuna siku tunaona kwamba anakumbuka.

Baba watoto alishika patasi tena baada ya miezi kumi na moja. Kazi ya kwanza ilikuwa kigoda. Mguu mmoja ni mfupi, kinacheza ukikaa. Mpaka leo kipo jikoni, na mgeni akitaka kukibadilisha tunamkatalia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havijarudi sawasawa, ila milango na vitanda anatengeneza, polepole kuliko zamani.

Ikiwa wewe pia una mgonjwa ndani, tunakuomba mambo machache. Usifanye hesabu zako uani huku ukidhani hasikii; mwambie, hata kama hesabu ni mbaya. Usiuze haraka kitu ambacho ndicho jina lake, iwe cherehani, jembe, vitabu au patasi. Kama ni lazima uuze, mwulize aanze kuuzwa nini na abakizwe nini. Na mwache mtoto mmoja wa nyumbani ashike zamu ya kumnyoosha vidole, ili mzigo usiwe wako peke yako na mtoto ajifunze.

Kisha ukipata nafasi, tazameni pamoja sinema ile ya viatu vya mbao. Ni ndefu, na watoto watauliza mbona hakuna mapigano. Waambie wasubiri waone mtu akikata mti.